Kukubali yaishe: shajara ya mfumo wa chuo

Wiki ya 1

Barua imeletwa na mhudumu, ina muhuri wa siri ingawa ndani hamna siri yoyote. Kitengo cha TEHAMA kifanye "tathmini ya kukubalika kwa mfumo wa taarifa za wanafunzi", na ripoti ifike kwa mkuu wa chuo kabla ya kikao cha mwisho wa muhula. Nikatia sahihi kwenye daftari la dispachi, mhudumu akaenda zake. Nimecheka kidogo: agizo la kutathmini mfumo wa kidijitali limenifikia kwa bahasha ya kaki.

Mfumo wenyewe una mwaka na miezi. Humo mwanafunzi anajisajili kila muhula, anachagua kozi, anaomba hosteli, anatoa kontrol namba, yaani namba ya kulipia, ya ada na kuona matokeo. Mhadhiri anaingiza alama za kozi weki, yaani kazi za ndani ya muhula, na za mtihani, idara inapitisha, ofisi ya usajili inafunga. Bosi wangu aliposoma barua akaniuliza, "Sasa hapo unatathmini nini? Si wote wanatumia?" Ni kweli. Kumbukumbu za seva zinaonyesha hakuna mwanafunzi aliyesajiliwa muhula huu ambaye hajaingia. Asiyeingia hana namba ya mtihani.

Naandika shajara hii kwa ajili ya wenzangu wa vyuo vingine watakaoletewa barua kama hii. Itawafikia tu.

Wiki ya 2

Kusoma. Karibu kila tasnifu ya mifumo niliyoishika inaanzia kwa Fred Davis na makala yake ya 1989: mtu huutumia mfumo akiona una manufaa katika kazi yake, na akiona hautamtaabisha. Mwaka 2003 Viswanath Venkatesh na wenzake watatu, Davis akiwa mmoja wao, walichukua nadharia nane wakazifinyanga kuwa moja. Ndani yake mna mambo manne: manufaa anayoyatarajia mtu, wepesi anaoutarajia, msukumo wa watu wanaomzunguka, na mazingira wezeshi, ambayo kwetu ni umeme, bando, kifaa na mtu wa kumwuliza. Kisha wakasema uzito wa mambo hayo hubadilika kwa umri, jinsia, uzoefu, na kama mtu anatumia kwa hiari au la.

Hapo kwenye hiari nikaweka kalamu chini. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa, na sisi hapa hiari hatunayo. Dodoso za aina hii zina swali "unakusudia kuendelea kutumia mfumo huu?" Kumwuliza hivyo mwanafunzi wetu ni sawa na kumwuliza abiria wa kivuko cha Kigamboni, chombo kikiwa katikati ya maji, kama anakusudia kuendelea na safari. Nimelifuta.

Nimechukua badala yake sentensi kumi za John Brooke, alizozitunga mwaka 1986 kupima urahisi wa kutumia chombo au programu. Ni fupi, na zimetumika duniani kote kwa vitu vya kila namna. Anayejibu anaweka alama kuanzia 1, sikubali kabisa, hadi 5, nakubali sana. Mwisho wa hesabu mtu anapata kati ya 0 na 100, na waliokusanya matokeo mengi huchukulia 68 kuwa wastani.

Tafsiri imenila siku mbili. Neno lililonisumbua ni hilo hilo la kwenye barua, kukubali. Kiswahili kinakubali mengi: kukubali posa, kukubali kosa, kukubali matokeo baada ya kufungwa, na lile la kijiweni, kukubali yaishe. Mgeni hatusemi amekubaliwa, tunasema amepokewa. Mtu anaweza kukubali kitu mchana kutwa na asikipokee. Nimeandika juu ya dodoso: "Mfumo huu umeupokeaje?"

Wiki ya 3

Dodoso nimegawa kwa karatasi. Kijana wa kitengo alitaka tutume kiungo kwenye magrupu ya WhatsApp ya madarasa. Nikamwambia atakayefungua kiungo, akajaza na kutuma, ndiye yule asiye na shida na mfumo. Tunayemtafuta hatafungua.

Zimerudi nyingi kuliko nilivyotegemea, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Lundo zima la watu wana alama 50 kamili. Si 47 wala 52. Nikadhani nimekosea fomula kwenye Excel, nikarudia kwa mkono.

Fomula haina kosa. Sentensi za Brooke zimepangwa kwa kupishana, moja inasifu, inayofuata inalaumu. Kwenye sifa unatoa 1 katika alama aliyoweka mtu, kwenye lawama unatoa alama yake katika 5, unajumlisha zote kisha unazidisha kwa 2.5. Sasa chukua mtu aliyeweka 4 mstari kwa mstari, kumi zote. Kila jozi ya sifa na lawama inampa 3 na 1, jumla 4. Jozi ni tano: 20. Mara 2.5: 50. Akiweka 5 zote ni 50. Akiweka 1 zote ni 50. Yaani aliyekubali kwamba mfumo ni mgumu bila sababu, kisha kwenye mstari unaofuata akakubali kwamba mfumo ni rahisi, anatua katikati kama shilingi iliyosimama wima.

Hawa hawakusoma. Au walisoma, wakaona karatasi ina nembo ya chuo, na karatasi yenye nembo ya chuo jibu lake ni nakubali. Siwalaumu. Nimezaliwa hapa hapa, najua mtu anavyojibu akiulizwa na mwenye ofisi.

Sentensi za lawama nazo zina shida yake kwetu. "Sikubali kabisa kwamba mfumo hauna mpangilio" inamtaka mtu akae chini kwanza. Kwa wenye kujaribu: badilisheni zote ziwe za upande mmoja, au kaeni na mtu mmoja mmoja mkamwuliza kwa mdomo. Mimi nimeziweka karatasi kwenye boksi. Wiki ijayo natoka ofisini.

Wiki ya 4

Ofisi ya usajili. Nimemkuta mama mtunza kumbukumbu, kompyuta iko wazi kwenye mfumo, na pembeni yake kaunta buku la kwaya nne limefunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kuninyang'anya daftari?"

Kumbe habari zilishafika. Nikamwambia nimekuja kuliona tu. Akanisogezea kiti.

Kila matokeo yanayoingia kwenye mfumo mama huyu anayaandika tena kwa mkono. Kazi mara mbili, jioni anaondoka wa mwisho. Kwa nadharia ya Venkatesh na wenzake, huyu ndiye mtumiaji anayeukataa mfumo: umri umekwenda, mafunzo alipata siku mbili, kompyuta kaianzia ukubwani. Hivyo ndivyo na bosi wangu alivyoniambia kabla sijaenda, "yule mama ni wa zamani." Nimekaa naye saa mbili na naona tumemsoma vibaya sote. Anaujua mfumo kuliko mimi. Anajua ni ukurasa gani ukibonyeza mara mbili unarudia kumbukumbu, na ni idara gani huchelewesha kupitisha.

Alinifungulia ukurasa mmoja. Alama 38 imekatwa kwa mstari mmoja, juu yake 48, pembeni sahihi ya mhadhiri na tarehe. "Hii ya chini bado inasomeka," akasema. Kisha akanionyesha mwanafunzi yule yule kwenye mfumo: 48. Basi.

Muhula wa kwanza wa mfumo alikuja mzazi na mwanawe. Wiki iliyopita mtoto alijiona amefaulu, leo ana supu, yaani mtihani wa marudio. Alama imebadilika. Na nani, lini, kwa nini? Skrini haikuwa na jibu, na aliyekaa dirishani kutukanwa alikuwa mama, si mhadhiri wala mkandarasi. Siku ile ile akaenda dukani kununua kaunta buku.

Nimerudi ofisini nikafungua hifadhidata. Kila badiliko la alama limo: akaunti iliyobadilisha, saa na dakika, alama ya kwanza na ya pili. Mfumo unajua kila kitu ambacho mama anataka kukijua, ila mkandarasi aliweka ruhusa ya kuiona kwa msimamizi mkuu peke yake.

Nimehesabu madaftari ya pembeni katika ofisi zote nilizopita wiki hii. Saba.

Wiki ya 5

La nane liko nje ya geti.

Kumbukumbu za seva zilinionyesha jambo nililolipuuza mwanzoni: wiki za usajili, akaunti nyingi sana zinaingia kupitia kompyuta zile zile chache, na hazimo kwenye maabara zetu. Nilizitazama bila majina. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, si kila mtu wa TEHAMA anaruhusiwa kuchungulia mwanafunzi gani kaingia saa ngapi, na ni vizuri. Sikuhitaji majina. Nilivuka barabara.

Steshenari ina kompyuta tatu, mashine ya kutoa kopi na foleni. Kibao: "Tunasajili chuo, mkopo, ajira portal, RITA." Usajili wa muhula shilingi 2,000, ukiwa na picha ya kupunguza ongeza 500. Kijana mwenyewe mcheshi, kahitimu pale pale kwetu. Ana daftari la kurasa 96 lenye namba za usajili na paswedi za watu, zimepangwa kwa kozi, nadhifu kuliko faili zetu.

"Kaka, wanazisahau," akasema. "Muhula ujao wanarudi, mimi ndiye nawakumbusha."

Nikamwuliza kwa nini wasijisajili wenyewe kwa simu. Akatoa simu yake akaniambia jaribu. Nimejaribu mbele ya wateja, mimi mtu wa TEHAMA wa chuo. Kitufe cha kuthibitisha kozi kiko nje ya kioo upande wa kulia, hakifikiki mpaka ulaze simu. Picha ya pasipoti isizidi KB 200, na simu ya leo inapiga picha ya MB 3. Nikipandisha kubwa mfumo hausemi ni kubwa, unarudi mwanzo na fomu tupu. Mara ya tatu nikampa simu yake.

Kuna na jambo jingine alilonieleza binti mmoja foleni, na hilo halimo kwenye nadharia yoyote niliyosoma. Anaogopa kukosea. Ukichagua kozi siyo, kuibadilisha ni barua kwa mkuu wa idara, sahihi, muhuri, wiki mbili. Shilingi 2,000 anamlipa kijana ili kosa likitokea liwe la kijana.

Wakati wa kuagana kijana akanipigia saluti ya utani. "Msiurekebishe sana, mkuu. Mfumo wenu ndio ugali wangu."

Wiki ya 6

Umeme ulikatika Jumatatu, jenereta haina mafuta. Jumatano mtandao. Hakuna la kuandika.

Wiki ya 7

Wahadhiri. Hawa nilidhani watakuwa wagumu, wamekuwa wakarimu mno. Kila mmoja ananiambia mfumo ni mzuri. Profesa mmoja wa heshima zake ameniambia anaupenda kabisa, tangu uje hajawahi kupeleka karatasi za matokeo kwa mguu.

"Prof, unaingiza alama kwa simu au kompyuta?"

"Namwachia msaidizi wangu. Ana paswedi."

Msaidizi wake nilimpata maktaba. Darasa la wanafunzi zaidi ya mia tatu, anaandika alama moja moja, na kitufe cha kuhifadhi kiko chini kabisa ya ukurasa. Dakika 15 zikipita bila kubonyeza kitu, mfumo unamtoa nje na kazi yote inakwenda. Siku hizi kaweka kengele kwenye simu: kila dakika 10 anashuka chini anahifadhi, anapanda juu kutafuta alipoishia. Kwenye dodoso Profesa amejibu mfumo ni rahisi. Hakudanganya. Kwake ni rahisi.

Wiki ya 8

Sehemu moja ya mfumo sijasikia ikilalamikiwa na mtu: ada. Wenzangu wa zamani wanakumbuka. Unapanga foleni benki, unajaza fomu, unarudi na pei-in slipu, unapanga foleni tena kwa mhasibu ili slipu igeuzwe kuwa risiti, ukiipoteza njiani umelia. Taasisi za serikali zilipoanza kupokea malipo kwa GePG, mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki, kuanzia 2017, ile slipu ikafa. Sasa mwanafunzi anabonyeza, anapata kontrol namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99, mzazi aliye Sumbawanga analipa kwa simu, na deni linapungua kwenye akaunti ya mtoto bila mtu kwenda dirishani.

Hakuna aliyefundishwa. Hakukuwa na semina wala posho ya semina. Bibi zetu vijijini wanasema "nitumie kontrol namba" kama wanavyosema nitumie salamu. Mhasibu naye hana daftari la pembeni, nimepekua hadi droo.

Tofauti yake na alama ni nini? Nadhani ni kwamba ushahidi wa malipo anao kila mmoja. Mzazi ana ujumbe kwenye simu, mwanafunzi anaona salio, mhasibu anaona muamala. Likitokea la kutokea, kila mtu ana karatasi yake, ingawa si karatasi.

Wiki ya 9

Kikao na mkandarasi. Nilipeleka mambo matano: mama aone historia ya alama; alama zihifadhiwe mstari kwa mstari; mhadhiri aweze kupandisha faili la Excel; mfumo upunguze picha wenyewe; mwanafunzi apewe saa 48 za kubadili kozi bila barua. Akajibu yote yako nje ya mkataba. Tulisoma mkataba kurasa kwa kurasa, na yote kweli yako nje ya mkataba. Aliyeuandika alihesabu moduli, hakuhesabu watu.

Vijana wawili wa kitengo walifanya la picha mchana mmoja. La ruhusa ya mama ni kubadilisha mpangilio tu, nimelifanya mwenyewe kwa idhini ya maandishi ya msajili. Excel na kuhifadhi mstari kwa mstari mkandarasi kakubali kwa nyongeza ya malipo. Saa 48 ni sera, linakwenda kwenye kamati ya taaluma.

Wiki ya 11

Siku mbaya.

Sehemu ya Excel ilifunguliwa Jumatatu, wahadhiri wakafurahi. Jumatano mmoja wao alipanga faili lake kwa alfabeti, ila aliteua safu ya majina na ya namba za usajili tu. Alama zikabaki zilipokuwa. Akapandisha. Darasa zima likapata alama za watu wengine, mfumo ukapokea bila kukohoa, kwa sababu namba zote ni halali na alama zote ziko kati ya 0 na 100. Idara ikapitisha jioni ile ile.

Aliyekamata ni mama. Alikuwa akinakili kwenye kaunta buku kama kawaida, akaona mtoto aliyeongoza darasa mihula mitatu ana 31, na aliyekuwa na supu kila muhula ana 84. Akanipigia simu saa moja kasoro usiku. "Baba, njoo. Mfumo wako umelewa."

Tumesimamisha matokeo kabla mwanafunzi yeyote hajayaona. Asubuhi nilikaa muda mrefu bila kufungua kompyuta. Nilikuwa nimeshaandika kwenye rasimu ya ripoti kwamba mafanikio ya mradi yapimwe kwa madaftari kupungua. Nimelifuta nikaliandika upya mara mbili, na bado silipendi.

Kuanzia sasa faili haliingii bila jina na namba ya usajili kulingana na zilizomo, na kabla ya kukubali, mfumo unamwekea mhadhiri mbele alama za kozi weki kando ya za mtihani na kuwapaka rangi nyekundu wale ambao alama zao mbili zimepishana mno. Wazo la rangi ni la mama. Ndivyo jicho lake linavyofanya kazi, tumelinakili tu.

Wiki ya 12

Kamati ya taaluma imepitisha saa 24, si 48. Tumepokea.

Nimevuka barabara kumsalimu kijana wa steshenari. Picha hapunguzi tena, na bei ya usajili kashusha hadi 1,500. Foleni ipo. Nilimwomba achome daftari la paswedi, akacheka. Tumeweka njia ya kupata paswedi mpya kwa SMS, lakini wanafunzi wengi namba walizosajili ni za laini walizokwisha kuzitupa, na kusahihisha namba ya simu kwenye mfumo kunahitaji, naam, barua.

Wiki ya 13

Kikao. Mkuu wa chuo alisikiliza vizuri, kisha akauliza swali nililolitegemea: "Kwa hiyo ni asilimia ngapi wamekubali?"

Nikamwambia waliokubali ni wote, Mheshimiwa. Kisha nikaeleza habari ya zile 50, na habari ya madaftari saba ambayo sasa ni manne, na kwamba moja katika hayo manne ndilo lililokiokoa chuo wiki ile. Pakawa kimya. Mjumbe mmoja akasema asilimia ingewekwa tu, kwa ajili ya taarifa ya mwaka. Tumekubaliana iandikwe kwa maneno.

Wiki ya 14

Nimepita usajili kuchukua kikombe changu nilichokisahau. Mama kafungua ukurasa wa historia ya alama, anausoma kwa miwani puani. Kaunta buku jipya liko mezani, bado linanukia duka. La kwaya moja.

"Mbona jembamba safari hii, mama?"

"La siku za giza tu," akasema, na kidole akaelekeza juu kwenye taa.

Ombi la yupiesi mbili, vile vifaa vya kushikilia umeme ukikatika, kwa ofisi ya usajili limekwenda kwa afisa ununuzi tangu Jumanne. Litapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kama manunuzi mengine. Leo nimeingia mwenyewe kuliangalia limefika wapi, na kabla ya kutoka nikaandika namba yake ya kumbukumbu kwenye kidaftari changu.